Fotokopi Alipokuja Kutusikiliza Tukisikiliza

Msusi wa uani kwetu ni mtu ambaye mikono yake ikiwa kichwani mwa mtu, masikio yake yako mlangoni mwa mwingine. Ndiye aliyeleta habari kwamba Fotokopi, yule mpangaji wa chumba cha mwisho, anatafuta familia ya kuitoa kwenye televisheni.

"Nakwambia, Mama Bonge, wanataka familia ya kawaida. Wataingia na makamera yao mpaka jikoni. Na wakimaliza, wanawaachia makochi."

"Makochi ya nani?"

"Mimi nitajuaje ya nani? Makochi!"

Mteja wake, ambaye nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa na nusu imesimama kama ya mtu aliyeona nyoka, akatikisa kichwa kukubali, akavutwa nywele atulie.

Mimi nikajitia hamnazo. Nikasema mambo ya televisheni ni ya watu wenye nafasi, mwenzenu nina nepi za kufua. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuutazama ukuta wetu na kujiuliza utatokaje kwenye picha. Una doa la unyevu lenye umbo la bata. Nikasukuma kabati kulifunika. Bata akabaki anachungulia kichwa.

Ni heri niwaeleze habari za Fotokopi kwanza kabla sijajieleza mimi, maana nikianza na mimi hatutamfikia.

Kabla hajawa mwanafunzi alikuwa mfanyakazi wa duka la kutoa fotokopi, nje ya geti la chuo hicho hicho anachosoma sasa. Alisimama pale miaka, anafungua kifuniko, anakifunga, mwanga wa mashine unampita usoni, huku wanafunzi wakimletea kazi zao kubwa za mwisho wa masomo azitolee nakala na kuzibana majalada. Sasa yeye ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona maandishi akayaacha. Ukimpa karanga zilizofungwa kwenye gazeti, husoma gazeti kwanza, karanga zinapoa. Basi zile kazi za watu akawa anazisoma zingali moto, zinatoka mashineni.

"Nikasoma moja, nikasoma nyingine," aliniambia siku moja tukianua nguo. "Mwisho nikasema, kumbe! Hata mimi naweza. Tena bila kuanza kila mstari na 'aidha'."

Akarudi kwenye masomo ya jioni, akafanya mitihani aliyoikimbia usichanani, akaingia chuo akiwa ameipita thelathini. Siku ya kwanza alipofungua mlango, darasa zima lilisimama, likidhani ndiye mwalimu. Kwa aibu akawaambia, "Kaeni," naye akaenda kukaa nyuma kabisa. Tangu hapo vijana wakamwita Shangazi. Sisi uani tukabaki na Fotokopi.

Ni mrefu, na hutembea ameinama kidogo kama anayepita chini ya kamba ya nguo, hata pasipo na kamba. Akijikwaa kwenye kigoda anakiomba msamaha. Hula amesimama, mazoea ya dukani. Kicheko chake hakitoki nje, huingia ndani: anavuta pumzi, macho yanamtoka, mabega yanapanda. Mara ya kwanza nilidhani amepaliwa, nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote. Akaniambia asante.

Basi jioni moja akabisha hodi. Nikajua ni makochi. Nikampa kiti kizuri, nikakipangusa mara ya pili akiwa ameshaanza kukaa.

"Mama Bonge, nina shida," alisema. "Pale chuoni, ukimaliza haya masomo yetu ya habari, kuna shahada ya kawaida, na kuna ya daraja la juu. Ya kawaida ukifaulu tu unaipata. Hiyo ya juu ina masharti."

Akanieleza masharti, nami nikatikisa kichwa kila alipopumua. Alama zako ziwe za juu miaka yote, si mwaka mmoja. Usiwe umerudia somo hata moja. Uwe umesoma takwimu, ambazo alisema zilikaribia kumtoa roho. Halafu uandike utafiti wako mwenyewe chini ya mwalimu msimamizi, na ukishaandika usimame mbele ya jopo la walimu, wakuulize na wewe uutetee. Mengine yote ameshayavuka. Umebaki huo utafiti.

"Na ukiikosa hiyo ya juu?"

"Nitapata ya kawaida. Si mbaya." Akaitazama mikono yake. "Lakini walimu wasaidizi, chuo kinawachukua kwenye daraja la juu tu. Mimi nataka kufundisha, Mama Bonge. Nimesimama nje ya lile geti muda mrefu sana."

Alilisema polepole, kama mtu anayekuonyesha kidonda. Nikaona haya kwa ajili ya yale makochi.

Utafiti wake ulikuwa juu ya redio: watu wanasikilizaje redio nyumbani huku wana shughuli zao. Alitaka kukaa kwetu jioni, atuangalie na kuandika. Basi.

"Kwa hiyo hakuna kamera?"

"Kamera ya nini?"

"Hapana, nimeuliza tu."

Nikakubali. Na hapo ndipo nilipoharibu, tena kwa moyo safi, kwa sababu shule yangu iliishia msingi na kitu kimoja nilichokishika kule ni ukaguzi. Mkaguzi alipokuwa anakuja shuleni kwetu, mwalimu alitufundisha somo moja lile lile muda wote kabla yake: swali gani litaulizwa, nani atajibu, atajibu nini. Mimi nilipewa jibu la "mizizi". Siku yenyewe mkaguzi alipoingia, nilisimama nikasema "Mizizi!" kwa sauti, kabla mtu hajauliza chochote. Lakini mwalimu wetu alifaulu, tena wakampa shule kubwa zaidi. Nikatoka na elimu hiyo: mtu akija na kalamu kumpima mwalimu wako, wewe ndiye unayepaswa kujua jibu. Sasa Fotokopi anapimwa, na jibu lake ni nyumba yangu. Nikapiga moyo konde. Huyu dada hataanguka kwa sababu yetu.

Ngoja niseme ukweli wa namna tunavyosikiliza redio sisi. Redio ni ya mama mkwe wangu. Kila jioni ana mchezo wake wa kuigiza, wa mwanamke mmoja ambaye mume wake amesafiri na wifi zake wanamfanyia visa, na Mama huwajibu wote mmoja mmoja. "Usimfungulie! We mjinga, usimfungulie mlango!" Akifungua, Mama hagusi chakula. Mume wangu, fundi wa mafriji, yeye ni mpira: analala chali sakafuni, redio kifuani, goli likiingia redio inaruka naye. Na mimi nina kipindi changu cha salamu. Nafua huku nawasikiliza watu wakisalimiana, mtu na shemeji yake, mtu na mwalimu wake wa zamani. Sijawahi kumwona hata mmoja, ila nawajua. Kuna mzee fulani wa kiwandani asipotuma salamu, nashinda na wasiwasi. Na wakisalimia "wote wanaonifahamu", mimi huitika.

Haya yote niliyaona aibu. Utampelekaje mtu kwenye jopo na mambo ya wifi na mlango?

Nikaita kikao. "Kuanzia kesho," nikasema, "Fotokopi akiwa hapa, tunasikiliza taarifa ya habari. Baada yake, kipindi cha uchumi."

"Mpaka mwisho?" mume wangu akauliza.

"Mpaka mwisho. Na wewe useme neno la maana."

"Neno gani?"

"Lolote lenye serikali ndani."

Mama mkwe akauliza, "Na mchezo wangu?"

"Mama, ni kwa ajili ya masomo ya mtu."

"Nimekuelewa, mkamwana. Lakini yule mume ameshapanda basi, anarudi nyumbani, na hajui kinachomsubiri."

"Atangoja, Mama."

"Redio haingoji mtu," akasema, akageukia ukutani.

Nikanunua kitambaa cha meza. Nikaficha beseni la nepi, maharage ambayo hayajachambuliwa, na rundo la nguo ambalo siku zote hukaa juu ya kile kiti kizuri. Bonge, binti yangu, ambaye jina hilo alilipata kliniki kutokana na mapaja yake, nikamvisha gauni lake la kwendea kliniki. Fotokopi alipoingia alitukuta tumekaa kwa mstari, mikono magotini, na mimi nimevaa uso wa picha ya kitambulisho.

"Kwa kawaida jioni mnasikiliza nini?" akauliza.

"Taarifa ya habari!" tukajibu kwa pamoja. Hata kwaya ina mtu anayechelewa. Sisi hatukuwa naye.

Ndivyo ikawa jioni baada ya jioni. Anakuja, namkaribisha, namchemshia chai, anaomba nisihangaike, nahangaika. Mtangazaji akataja mafuriko, mume wangu akasema, "Serikali iliangalie suala hili." Wakataja daraja lililofunguliwa, akasema, "Serikali iliangalie suala hili." Ikaja hali ya hewa, mawingu kiasi na vipindi vya jua, mume wangu akakunja uso kama mbunge akasema serikali iliangalie nalo. Nikamfinya. Mama mkwe alikuwa anaitazama saa ya ukutani kama mgonjwa anayemngoja daktari. Mimi kipindi cha uchumi kilinishinda kutoka dakika ya kwanza, ila nilikitikisia kichwa vizuri sana. Siku moja nilitikisa kichwa kwa makini kabisa, kumbe mtangazaji alikuwa anakohoa.

Bonge peke yake ndiye aliyekataa kukaguliwa. Kila muziki wa taarifa ya habari ulipoanza, alilia.

Fotokopi aliandika. Mara nyingine alisimamisha kalamu, akatutazama mmoja mmoja, akaendelea kuandika. Alipomaliza jioni zake alitushukuru kama watu tuliomzikia mzazi wake, akajifungia chumbani, na uani tukawa tunapita kwa ncha za vidole. Msusi akatangaza kwamba makochi yako njiani.

Alirudi kutoka kwa msimamizi mchana, mvua inanyesha, mwavuli ameushika mkononi na hakuufungua. Nikaruka. Nikaleta kiti, nikaleta taulo, nikaweka maji jikoni. Mama mkwe alikuwa mkekani kwenye kona yake, Bonge amelala.

"Msimamizi amesoma," Fotokopi akasema.

"Amesemaje?"

"Amecheka. Amesema, 'Familia hii inakaa wapi? Nionyeshe, na mimi nikapange huko.'"

Moyo ukanijaa furaha. "Mkaribishe!" nikasema. "Hata kesho!"

"Mama Bonge, hakuwa anasifu. Anasema hakuna nyumba yenye mtoto mchanga inayosikiliza kipindi cha uchumi mpaka mwisho. Anasema hata anayekitangaza hakisikilizi mpaka mwisho. Sura nzima ameirudisha. Nisipompelekea nyingine ya kweli kabla mwezi haujaisha, basi, nachukua shahada ya kawaida."

Mtu mwenye akili hapo angeelewa. Mimi nikauliza, "Kwani tulikosea wapi? Ni Baba Bonge, eti? Nilimwambia asiseme kitu kwenye hali ya hewa."

"Ulimwambia?"

Kabla sijapata pa kutorokea, sauti ikatoka mkekani.

"Kwa hiyo huo mtihani umekwisha? Nirudishiwe redio yangu?" Mama mkwe alikuwa ameshakaa, kilemba upande. "Maana tangu huyu binti aanze kuja sijasikia mchezo wangu hata kidogo. Yule mume alipanda basi! Amefika, hakufika, wamemlisha maneno, sijui! Naulizia sokoni kama mtu aliyefiwa! Na mwanangu mpira anausikia kwa mafundi wenzake, anarudi hapa anaambiwa aseme serikali. Serikali na friji wapi na wapi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mkamwana, huyu wa jembe zamani, bado unampangusia kiti!"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini mwenye nyumba aliijenga kwa saruji nzuri.

Fotokopi akageuka kwangu. Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Kwa nini, Mama Bonge?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari za mkaguzi, na za mizizi, na jinsi mwalimu wetu alivyopewa shule kubwa. "Nilitaka upate alama," nikasema. "Nilifikiri wakiona umekaa na watu wa ovyo, watakupa za ovyo."

Akavuta pumzi, mabega yakapanda, macho yakamtoka. Nikashukuru moyoni kwamba anacheka. Mabega hayakushuka. Machozi yakateremka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Nilinyanyua mkono kumpiga mgongoni, nikaurudisha. Nilisimama tu na taulo langu, mtu mzima, mama wa mtoto, nimemtupa dada wa watu nje ya geti kwa kitambaa cha meza.

Maji yalichemka mpaka yakaanza kuzima moto. Hakuna aliyekwenda.

"Na mimi nilijua," alisema mwisho.

"Ulijua nini?"

"Kitambaa kilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Bibi alikuwa hasikilizi redio, anasikiliza saa. Baba Bonge aliitaka serikali iyaangalie mawingu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kalamu ilikuwa inasimama yenyewe, naisukuma. Nilikuwa na haraka. Nikaona nyumba inayojibu vizuri ni rahisi kuiandika. Nimetoa nakala za kazi za namna hiyo maisha yangu yote, nikizicheka, halafu na mimi nikatoa yangu."

"Si kosa lako, dada."

"Ni letu wote. Tugawane, litakuwa jepesi."

Mama mkwe akaguna. "Mimi msinipe fungu. Mimi nilisema tangu mwanzo."

Fotokopi akacheka, safari hii kicheko chenyewe, kile cha ndani. Kikaisha upesi. Akatazama mvua mlangoni. Niliona anahesabu kimoyomoyo siku zilizobaki na kurasa za kuandika. Nikanyanyuka nikashike sufuria, walau nimpe chai ya moto, mtu amelowa hivi.

"Kaa, Mama Bonge."

Nikakaa, nusu, kitako kikiwa bado hewani.

"Mwezi haujaisha," akasema. "Nina ombi."

"Sema lolote. Nitapaka hata rangi."

"Usipake! Nakuomba, usipake kitu." Akasogea karibu. "Nataka nianze upya, kwenu hapa hapa. Nikienda nyumba nyingine nitapewa kiti kizuri huko nako, na muda wa kuwazoea watu sina. Kesho jioni nitabisha hodi, na wewe uniitikie ukiwa hapo hapo ulipo. Usisimame. Chai usichemshe kwa ajili yangu. Hizo nguo mlizoficha zirudi kwenye kiti chao. Baba Bonge alale chali na mpira wake. Bibi agombane na hao watu wake, na asipunguze hata neno kwa sababu nipo."

"Kupunguza!" akasema Mama.

"Na wewe ufue, umsikilize yule mzee wako wa kiwandani."

Uso ukaniwaka moto. "Nani kakwambia habari za mzee wa kiwandani?"

"Tunaishi uani, Mama Bonge. Nakusikia ukiwaitikia."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Yeye akaukunja mwavuli wake ambao haukuwa umefunguliwa, akainuka, akainama kidogo kupita chini ya kamba isiyokuwepo. Mlangoni akageuka, na sauti yake ikawa ile ya siku aliponiambia habari za geti.

"Na unipe kitu cha kufanya na mikono. Yale maharage nichambue, au Bonge nimwogeshe, nitaandika baadaye kwangu. Tafadhali, mdogo wangu. Najua kwako ni kazi ngumu kuliko ile ya taarifa ya habari. Lakini kesho usinikaribishe."